Kamusi wa Laini ya Tatu

Mimi ni mpiga pasi, na mpiga pasi huona kila kitu, kwa sababu meza yake iko mwisho wa ukumbi na shati halitoki mlangoni bila kupita mkononi mwake. Kwa hiyo nikisimulia habari za Kamusi, si za kuokota barabarani. Nyingi niliziona kwa macho yangu, na nisizoziona alinieleza mwenyewe, amesimama mbele ya meza yangu, hanitazami mimi, anatazama pasi. Na kama nitaonekana nina hasira, ni kweli ninayo, na sehemu yake nimejikasirikia mwenyewe.

Jina la Kamusi tulimpa kiwandani, lakini ukamusi wenyewe alitoka nao nyumbani. Alilelewa na mjomba wake, mfagizi wa ofisi moja ya bima. Kwenye ofisi ile palikuwa na kalenda ya mezani ya kuchana, kila siku na karatasi yake, na kila karatasi ina msemo mmoja wa Kiingereza: mbele msemo, nyuma maana. Wenye ofisi walichana wakatupa. Mjomba aliziokota kwenye pipa akazileta nyumbani mfukoni, zimekunjamana, nyingine zimelowa chai. Kamusi, mtoto wa shule wakati huo, alizinyoosha kwa pasi akazipanga ndani ya kopo la biskuti. Pale chai ilipofuta maana alimwuliza mwalimu, na mwalimu naye alikuwa akibahatisha tu.

Akakua hivyo, kichwa kimejaa misemo. Kiingereza cha kuombea maji hakuwa nacho, lakini alijua kwamba Waingereza wakisema fulani ameipiga ndoo teke, basi fulani huyo matanga yake yamekwisha kuanuliwa. Alijua kwamba kwao mtoboa siri amemwaga maharage. Alifurahi zaidi pale alipokuta msemo wao una ndugu yake kwetu. Sisi tunaonyana tusimwage mtama kwenye kuku wengi, wao wana maharage yao. Aliniambia siku moja kwamba wanadamu wote wana siri, ila kila mtu anamwaga kilichopo jikoni kwake.

Mtihani wa Kiingereza alifeli. Waliotunga mtihani hawakuuliza habari za ndoo wala maharage. Akajifunza kushona, na alipofika miaka kumi na tisa akaajiriwa kwetu, laini ya tatu, cherehani namba kumi na nne, kazi yake kola za mashati. Alishona kola miaka kumi na moja. Mjomba alipofariki, akamlea mdogo wake wa kike mpaka akakomaa, kisha akamvuta kiwandani naye, wakakaa bega kwa bega, kumi na nne na kumi na tano. Huyu mdogo alikuwa haachi kitu bila kukiandika: vipimo, siku za kuzaliwa za watu, zamu ya nani kuleta sukari. Tulimwita Daftari. Waliishi vyumba viwili, wao na binti wa Daftari wa miaka mitano aliyemwita Kamusi Mama Mkubwa.

Sasa sikiliza habari ya soksi, maana balaa lote lilianzia hapo.

Tuliletewa meneja mpya kutoka ng'ambo. Mtu mrefu, sauti ya upole, Kiswahili hana hata neno. Siku ya kwanza alipanda juu ya boksi akahutubia, na msimamizi wetu wa laini, aliyejigamba kwamba Kiingereza anakimwaga kama maji, akatutafsiria: "Meneja anasema kila mtu avute soksi zake juu." Tukatazamana miguu. Ukumbi ule una pasi sita za mvuke, joto lake linaweza kuivisha mkate, na hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye soksi. Lakini amri ni amri. Kesho yake tulikuja nazo. Wengine walivaa za watoto wao wa shule, wengine za mpira, mimi nilivaa za marehemu mume wangu na zilinifika magotini. Meneja akapita kati ya laini akitukodolea macho, nasi tukazidi kuzivuta juu ili aone tumemsikia.

Kamusi alishindwa kuvumilia. Akasimama pale kwenye cherehani yake akasema, "Jamani, vueni. Anasema tukaze buti."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Meneja akauliza kuna nini, msimamizi akababaika, na Kamusi akaeleza mwenyewe kwa Kiingereza chake cha viraka: soksi, buti, jasho, yote. Meneja alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku ile akawa Kamusi, na tangu siku ile hakushona kola tena.

Alihamishiwa chumba cha kioo. Hicho ni chumba cha meneja, kipo katikati ya ukumbi, kimeinuliwa ngazi mbili ili aliye ndani aone laini zote. Kamusi akawekewa meza ndogo pembeni, kiti cha kuzunguka na simu isiyomhusu. Mlango unafunguka kwa kadi, na mwaka wa kwanza kadi ilikuwa moja tu, inaning'inia shingoni kwa meneja. Meneja akitoka, Kamusi amebaki ndani. Mara nyingi nilimwona amesimama nyuma ya kioo anangoja afunguliwe aende msalani, anatutazama tunavyokunywa chai na kucheka, nasi hatusikii akisema nini. Baadaye alipewa kadi yake. Kufikia hapo alikwisha zoea kungoja.

Kazi yake ilikuwa kuwa ulimi wa mtu mwingine, na ulimi hauna mfupa. Habari zote mbaya zilitufikia kwa sauti yake. Zamu zimeongezwa, ni Kamusi kasema. Fulani ana onyo, ni Kamusi kasoma. Alikuwa akijitahidi kulainisha huku na huku. Mkata vitambaa alipomtukana meneja tusi lisiloandikika, Kamusi alilifikisha kama ombi la kuongezewa mwanga. Balbu zikaongezwa. Lakini polepole watu wakaanza kunyamaza akipita. Alimwomba meneja mara tatu arudishwe kwenye cherehani. Mara zote tatu meneja alimwambia kwamba yeye ni mkono wake wa kulia. "Nikamwuliza," aliniambia, "mkono ukichoka unaenda wapi? Akacheka, akadhani ni msemo wa kwetu."

Kitu kimoja tu kilimrudisha kwetu, nacho kilikuwa ubao. Palikuwa na ubao mweusi wa zamani karibu na mashine ya kugonga kadi za kuingia kazini. Kamusi aliomba ruhusa ya kuandika msemo mmoja kila Jumatatu, na meneja akaona ni jambo jema la kutufundisha. Mpangilio wake ulikuwa uleule siku zote: msemo kwa Kiingereza, neno kwa neno kwa Kiswahili, maana yake, ndugu yake wa Kiswahili, na mwisho mfano. Tukigonga kadi, tunanakili. Mwisho wa mwezi, aliyekariri yote bila kukosea alipewa mita tatu za kitambaa kutoka mabaki ya ghala, kwa hiyo hata wasiojali Kiingereza walinakili kama wanafunzi.

Utamu wenyewe ulikuwa kwenye mfano. Kamusi alikuwa akitutania. Wiki ya ndoo aliandika: "Mpiga pasi ameipiga ndoo teke." Nilifika nimechelewa, sijasoma, nikakuta watu wananipa pole ya msiba wangu mwenyewe. Mlinzi alinivulia kofia. Nilinuna siku mbili, kisha nikacheka. Wiki ya kazi rahisi, ile ambayo wao huita kipande cha keki nasi tunasema ni kumsukuma mlevi, mlevi katika mfano alikuwa fundi wa mashine, na kila mtu alijua kwa nini. Tukazoea hivyo miaka miwili. Ukiona jina lako ubaoni, siku hiyo umepatikana, na dawa yake ni kucheka na wenzako.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Jumatatu moja ya wiki ya mwisho wa mwezi, walikuja wageni watatu kutoka makao makuu wakajifungia chumba cha kioo na meneja, na Kamusi kwenye meza yake ndogo. Tuliwaona midomo ikicheza. Aliyosikia ni haya. Cherehani za laini ya tatu zitahamishwa kwenda kiwanda kingine. Watu wote thelathini na wanane wa laini hiyo wataachishwa Ijumaa saa kumi jioni, na hakuna atakayejua kabla, kwa kuogopa mtu akijua ataziharibu mashine. Yeye ameambiwa kwa sababu ndiye atakayewatafsiria. Meneja akatumia ule msemo wao wa paka na gunia, kwamba paka asitolewe. Kisha akamwekea karatasi ya kutunza siri, akasema kwa upole wake uleule, "Likitoka litakuwa limetoka kwako. Sisi wengine humu hatuwezi hata kuongea na watu hawa." Likitoka, ataondoka siku hiyohiyo, bila hata barua ya kuonyesha aliwahi kufanya kazi.

Kamusi akaweka sahihi. Alipoinua macho, kupitia kioo alimwona Daftari kwenye namba kumi na tano anapima kola kwa kidole, analamba uzi.

Na kulikuwa na jambo ambalo meneja hakulijua. Wiki ileile Daftari alikuwa ameitwa kazi hospitalini, chumba cha ushonaji, mashuka na magauni ya wagonjwa, ajira ya kudumu. Alipewa mpaka Ijumaa saa sita mchana aseme ndiyo au hapana. Upande wa pili, kiwandani alikuwa ameahidiwa usimamizi wa laini kuanzia mwezi ujao. Hospitalini angeanza chini kabisa. Moyo wake ulikuwa unavutwa na usimamizi, na nani asingevutwa? Alikuwa anangoja dada yake aseme neno.

Kamusi alikuwa amebanwa kama kitambaa chini ya mguu wa cherehani. Nikimwambia Daftari, alijiambia, Daftari ana wenzake thelathini na saba, na usiri haumo damuni mwake. Kesho asubuhi laini nzima itajua, na mchana mimi niko nje. Wote wawili tukiwa nje, mtoto atakula nini? Nisipomwambia, atakataa hospitali. Alilizungusha hilo kichwani usiku kucha, na asubuhi akaona mlango ambao wala haukuwa mlango. Kuandika si kusema. Ubao ni kazi yake halali. Meneja Kiswahili hasomi, na wiki ile atashinda ghalani na wageni wake.

Jumanne tukakuta msemo mpya, ingawa wa Jumatatu haujakaa hata siku mbili. Panya huikimbia meli inayozama. Maana: wenye akili huondoka mapema mahali panapoharibika. Ndugu yake: dalili ya mvua ni mawingu. Mfano: "Mwenye pa kwenda na aende sasa." Tulisema Kamusi anatutega, mwisho wa mwezi umefika na anataka tushindwe kukariri. Mtunza ghala alikasirika kwa sababu ya panya. Alisema kama Kamusi ana malalamiko ya usafi angemfuata ana kwa ana.

Jumatano akaandika waziwazi. Kupewa shoka. Maana: kuachishwa kazi. Ndugu yake: kumwaga unga. Mfano: "Ijumaa laini ya tatu inapewa shoka."

Nataka uelewe kwamba tulisoma. Hakuna aliyepita bila kusoma. Laini ya pili walipiga makofi, wakawapungia mkono wa buriani laini ya tatu. Laini ya tatu wakajibu kwamba shoka halikati chuma. Na mimi, mwenye kuona kila kitu, nilichukua boksi la kola, nikakata shoka zuri kwa mkasi mkubwa, mpini na makali yake, nikalitundika kwa uzi juu ya laini ya tatu, kati ya namba kumi na nne na kumi na tano. Daftari ndiye aliyenishikia kiti nipande. Siku ileile wageni walipita na futi ya kupimia, wakipima kila cherehani ya laini ile urefu na upana. Tukasema mashine mpya zinakuja. Nilipogeuka kuona kama Kamusi anacheka, nilimwona amekaa nyuma ya kioo na mikono juu ya meza, analitazama shoka langu.

Alhamisi akaandika msemo wa mwisho: kusoma kilicho kati ya mistari. Maana: kutambua ambalo mtu hakulitamka. Ndugu yake: mwenye macho haambiwi tazama. Mfano: "Daftari anasoma kilichoandikwa tu. Na asome kisichoandikwa." Daftari alifurahi sana kuona jina lake. Aliupigia msemo ule mstari mara mbili kwenye daftari lake.

Jioni ile, nyumbani, Kamusi alikuwa akimchana mtoto nywele na Daftari anaosha vyombo. Hili alinisimulia neno kwa neno.

"Dada, kesho ndiyo mwisho. Niende hospitali au nibaki?"

"Ubao umeusoma?"

"Nimeusoma na kunakili. Mwezi huu kitambaa ni changu, sioni wa kuninyang'anya."

"Misemo umeielewa lakini?"

"Kwani migumu?" Daftari akafuta mikono, akaleta daftari, akasoma yote kwa sauti kama anasoma taarifa ya habari. Alipofika kwenye shoka akacheka. "Huu umetuweza. Na Mama Pasi naye na shoka lake, yule mama ana vituko." Kisha akalifunga daftari akakaa chini mbele ya dada yake. "Dada, sitanii. Nakuuliza wewe. Niende au nibaki?"

Kamusi alisema mdomo ulifunguka. Mtoto akalalamika kwamba anavutwa nywele, akamgeukia mtoto. "Fikiria vizuri," akasema. "Wewe ni mtu mzima sasa."

"Basi nabaki," Daftari akasema. "Nikiwa msimamizi nitakuwa karibu na wewe. Nione na mimi hicho kioo kikoje."

Ijumaa saa nne, wakati wa chai, Daftari alikuja kupiga simu mezani kwangu kwa sababu ndipo panapokamata mtandao. Mashine zilikuwa zimezimwa, ukumbi kimya. Nilimsikia vizuri. "Nashukuru sana, Mama, lakini nimeamua kubaki nilipo. Ndiyo. Nafasi mpeni mwingine." Alikuwa na adabu, hata akainama kidogo kana kwamba wanaonana. Nilipoinua macho nikamwona Kamusi amesimama ndani ya chumba cha kioo, kiganja kimebandikwa kwenye kioo, kadi yake iko shingoni. Meneja hakuwemo. Hakugonga. Angegonga ningesikia. Daftari akakata simu, akanipungia, akarudi kwenye uji wake, na Kamusi akakaa.

Saa kumi meneja alipanda juu ya boksi. Kamusi alisimama chini, kulia kwake, mahali pake pa kila siku. Meneja aliongea kwa muda mrefu na kwa huzuni ya kweli, sitamsingizia. Alizungumzia mlango mmoja kufungwa na mwingine kufunguka, na mawingu meusi yenye ukingo unaong'aa. Tulikuwa tumekwisha fundishwa ule wa mawingu, watu wakanong'ona kwamba wanaujua. Kisha akanyamaza akamtazama Kamusi.

Kwa miaka miwili Kamusi alikuwa hakosi kutupa kitu cha kulainishia. Siku ile hakutafuta. "Anasema laini ya tatu imefungwa," akasema. "Kazi yenu imekwisha leo. Mashine zinaondoka kesho."

Wakacheka. Ukumbi mzima ulicheka, na shoka langu linaning'inia pale juu likizunguka taratibu kwa upepo wa feni. Mtu wa laini ya pili akapaza sauti, "Kamusi, tupe maana na mfano!" Wakazidi kucheka, na Daftari alikuwa miongoni mwao, ameegemea cherehani yake, anafuta machozi ya kicheko. Meneja alitabasamu kwa wasiwasi, akidhani tumelipokea vizuri.

"Haina maana nyingine," Kamusi akasema. Kisha akarudia tangu mwanzo, polepole, na kicheko kikawa kinakufa laini kwa laini mpaka kikafika namba kumi na tano.

Daftari hakulia. Alipanda juu ya kiti, akakata uzi kwa meno, akalishusha shoka, akalikunja mara mbili akaliweka juu ya meza yangu. Kutoka getini alipiga simu hospitali. Nafasi ilikuwa imepewa mwingine saa saba.

Jumatatu iliyofuata meneja alimkumbusha Kamusi ubao. Alisema wakati kama huu watu wanahitaji kuchangamshwa. Kamusi akaja na chaki, akafuta wa kusoma kati ya mistari, akaandika msemo mwingine ambao siukumbuki. Mfano hakuandika. Tuliobaki tuligonga kadi tukapita, na hakuna aliyefungua daftari. Mpaka leo anaandika kila Jumatatu, kwa sababu ameambiwa, kisha anapanda zile ngazi mbili, anapitisha kadi, anakaa. Nafasi ya laini ya tatu ni tupu, sakafu ina alama za miguu ya cherehani, na yeye ndiye anayeitazama kuliko wote. Kuondoka hawezi, maana sasa ndiye peke yake mwenye mshahara kwa watu watatu. Kwa hiyo hesabu zake zilitoka sawasawa kama alivyozipiga, na hilo ndilo linalomla.

Alinisimulia yote haya wiki ileile, mchana mmoja meneja hayupo. Nilimwambia ukweli wangu, kwamba shoka nililikata mimi, na kwamba mwenye macho haambiwi tazama lakini mimi niliambiwa mara tatu nikatazama kando. Sikutaka kumwachia mzigo wote. Akatikisa kichwa. "Nyinyi nilijua mtacheka," akasema. "Ndiyo maana nikaandika pale."

Nikauliza Daftari amesemaje.

Ijumaa ile jioni, akasema, alikuta daftari liko mezani, limefunguliwa kwenye kurasa za wiki ile, na mdogo wake amekaa mbele yake. Hakupiga kelele, maana mtoto alikuwa amelala. Alipitisha kidole msemo kwa msemo: panya, shoka, mistari. Mwandiko mzuri, hakuna neno lililokosekana, hata nukta zimewekwa mahali pake. Kamusi akaanza kujitetea. Akasema kwamba hakuficha, kwamba yote aliyaandika ubaoni, siku tatu mfululizo, na jina la Daftari akaliweka.

"Nimeona, Dada," Daftari akamwambia. "Uliandika. Lakini mimi nilikuuliza kwa mdomo, tena kwa Kiswahili."